Uwiano wa 3.4: kisa cha uvimbe wa ubongo uliopandishwa daraja kabla ya upasuaji

Ripoti ya MRI (picha za sumaku) iliyopotosha katika kisa hiki niliiandika mimi, daktari msomaji wa picha. Nalisema mapema ili msomaji asipoteze muda kumtafuta mkosaji. Mgonjwa na mumewe wameridhia kisa kitumike kufundishia. Umri, mahali na tarehe nimevificha, na kazi yake nimeibadilisha kwa nyingine ya mikono inayofanana nayo.

## Mgonjwa

Ni mwanamke wa miaka 30 na ushee, fundi cherehani, mama wa watoto wawili. Kifafa cha kwanza kilimkuta kazini. Kidole gumba cha mkono wa kulia kilianza kucheza chenyewe, kiganja kikafuata, kitambaa kikakunjamana chini ya sindano. Alipotaka kumwita msaidizi wake, maneno hayakutoka, ingawa alisikia kila kitu, hata redio ya jirani. Baada ya dakika kama mbili hali ikapita. Nyumbani wengine walisema amepandisha, wengine wakasema ni uchovu wa msimu wa sare za shule. Mara ya tatu alianguka na kupoteza fahamu, ndipo akapelekwa hospitali.

CT scan ilionyesha vitu vyeupe, vyeupe kama mfupa, yaani chokaa (kalsiamu), sehemu ya mbele ya ubongo upande wa kushoto. Eneo analotoka wanafuga nguruwe, na popote nguruwe wanapozurura huku vyoo ni haba, minyoo ya tegu kwenye ubongo ni miongoni mwa mambo ya kwanza anayofikiria daktari makini akiona kifafa na chokaa. Ikaandikwa kwamba ni mabuu ya tegu yaliyokufa. Akapewa albendazo, ambayo kwa mabuu yaliyokwisha kufa na kugeuka chokaa haina kazi, pamoja na kabamazepini, dawa ya kifafa, ambayo ilimsaidia sana. Kwa takriban miaka miwili alishona kama kawaida.

Kisha kifafa kikarudi, kwanza kila mwezi, baadaye kila wiki. Likaongezeka jambo jipya: majina ya vitu yakawa yanamponyoka. Aliweza kusema "kile cha kukatia" huku mkasi ukiwa mkononi mwake. Akapewa rufaa kuja kwetu.

## Siku ya kipimo

Fomu ya maombi ilikuwa na mstari mmoja: "Uvimbe ubongo kushoto, MRI kamili, daraja?" Alama ile ya kuuliza ndiyo iliyonitia hamasa. Tulikuwa tumeanza karibuni kufanya vipimo vya ziada vya MRI, yaani kupima ujazo wa damu, kemia ya uvimbe, mwendo wa maji kati ya seli na ramani ya nyuzi za neva, na nilikuwa nikitafuta mgonjwa wa kuonyesha kwamba tunaweza kutaja daraja kabla ya kisu. Mtu akiwa na hamu ya namna hiyo, heri awe na mwenzake wa kumsomea picha. Siku hiyo sikuwa naye.

Kwa wasio wa fani: uvimbe wa aina ya glioma, unaotokana na seli zinazotegemeza neva za ubongo, hupangwa na Shirika la Afya Duniani kwa ukali, daraja 1 hadi 4. Daraja la 2 linaweza kukaa na mtu miaka mingi. La 4, hasa glioblastoma, lina mwendo mwingine kabisa. Mpango wa tiba, kasi ya kumfikisha mgonjwa chumba cha upasuaji na maneno anayoambiwa mumewe koridoni vyote hufuata namba hiyo.

Kupima damu kunahitaji dawa ya gadoliniamu, inayong'arisha picha, isukumwe kwa pampu, mililita 5 kwa sekunde. Alifika na kanula ya bluu, nyembamba, ambayo isingehimili mwendo huo. Muuguzi akaitoa na kumwambia, "Dada, nivumilie, tunaweka ya kijani." Mshipa ulipatikana kwa jaribio la tatu. Dakika zikaenda. Nje kulikuwa na wagonjwa saba kwenye benchi, na ili kufidia muda nikaamua kuruka picha moja, ile inayotofautisha damu iliyoganda na kalsiamu. Niliona si ya lazima.

Mumewe alikuwa nje na bahasha kubwa ya kaki chini ya kwapa, ile ambayo wagonjwa wetu huzunguka nayo hospitali hadi hospitali mpaka kona zake zinalainika. Ndani mlikuwa na filamu za ile CT ya kwanza. Hakuna aliyemwomba, naye hakuona sababu ya kuitoa. Aliulizwa kama ana risiti, akatoa risiti.

## Tulichokiona

Uvimbe ulikuwa na upana wa sentimita 5 na kidogo, ukianzia kwenye gamba la ubongo na kushuka ndani, ukikaribia kwa nyuma eneo linaloendesha mkono wa kulia. Mipaka yake haikuwa wazi sana. Maji ya kuzunguka uvimbe yalikuwa machache. Baada ya dawa, ni madoa hafifu tu yaliyong'aa, hapakuwa na ile pete nene yenye shimo jeusi katikati tunayoizoea kwenye glioblastoma.

Vipimo vya ziada havikukubaliana. Cha mwendo wa maji kilitoa thamani ya chini kabisa ya 1,150 hivi, ilhali ubongo mweupe (sehemu ya ndani yenye nyuzi) wenye afya hutoa kama 700 hadi 800. Maana yake seli hazikuwa zimesongamana kiasi cha kuzuia maji kupita, na uvimbe mkali kwa kawaida huishusha thamani hiyo. Spektroskopia, yaani kipimo cha kemia ya uvimbe, ilionyesha kolini, alama ya seli zinazoongezeka, imepanda na NAA, alama ya neva zenye afya, imeshuka. Hilo linaendana na glioma lakini halisemi mengi kuhusu daraja. Kilele cha mafuta, kinachotoka kwenye nyama iliyokufa, hakikuwepo. Lakteti, dalili ya seli zinazokosa hewa, nayo haikuwepo.

Kilichobaki ni damu. Kwenye ramani ya rangi uvimbe uliwaka mwekundu. Niliweka kiduara cha kupimia palipowaka zaidi, nikalinganisha na ubongo mweupe wa upande wa pili, nikapata uwiano wa 3.4. Kwenye picha zile zile za damu kulikuwa na nukta nyeusi ti, nne au tano. Nikaziita damu ya zamani iliyovuja, na uvimbe unaovuja damu kwa kawaida si mpole.

Nikaandika: "Glioma ya daraja la juu, 3 au 4. Upasuaji wa haraka unashauriwa."

## Ripoti ilivyosafiri

Kwenye kikao cha wiki hiyo maneno "3 au 4" yalisomwa mara moja tu, na kuanzia hapo kila mtu alisema "ile ya daraja la nne". Alianzishiwa deksamethasoni, dawa ya kupunguza maji ya kuzunguka uvimbe, ingawa yalikuwa machache. Tarehe ya upasuaji ikavutwa mbele.

Kulizuka mvutano wenye maana. Baadhi walitaka kuchukua kinyama tu kwa sindano, kisha mionzi, kwa hoja kwamba kama ni daraja la 4 hakuna haja ya kuhatarisha usemi wa mtu kwa ajili ya miezi. Daktari bingwa wa upasuaji alikataa. Hoja yake haikuwa picha zangu, ilikuwa historia. "Miaka mitatu ya kifafa, na mtu anashona," alisema. "Daraja la nne halikai mitatu." Tulimsikia, na hakuna aliyegeuka kuitazama ripoti upya. Nami nilikuwa chumbani humo.

Mumewe alimuuliza daktari kijana wodini, "Sema ukweli tu, daktari. Ni muda gani?" Akajibiwa mwaka mmoja hivi. Kijana hakutunga. Jaribio kubwa la mwaka 2005 lililoingiza dawa ya temozolomidi kwenye tiba ya glioblastoma lilipata wastani wa miezi 14.6 kwa waliopewa dawa na mionzi, dhidi ya 12.1 kwa mionzi peke yake. Namba ilikuwa sahihi kwa ugonjwa mwingine.

Siku mbili baadaye mgonjwa aliwarudishia wateja vitambaa vya sare vikiwa havijakatwa, pamoja na pesa za utangulizi. Mumewe aliuza kiwanja, na kwa haraka ile, mnunuzi ndiye aliyepanga bei.

## Upasuaji

Uliamuliwa upasuaji wa mgonjwa akiwa macho, na hapa vipimo vya ziada vilitulipa. Ramani ya nyuzi ilionyesha njia ya mkono wa kulia imesukumwa nyuma, haikupenya ndani ya uvimbe, na kati yake na ukingo kulikuwa na milimita 6 hivi. MRI ya utendaji, inayotazama sehemu ya ubongo inayofanya kazi mtu anapozungumza, iliweka usemi mbele na chini kidogo ya uvimbe.

Zoezi la kawaida la kipimo hicho ni kumwambia mtu ataje kimoyomoyo maneno yanayoanza na herufi fulani. Kwa Kiswahili, ukimpa herufi K, umemteremshia mlima: kiti, kisu, kikombe, kila kitu ni ki. Tukaacha herufi. Tukamwonyesha picha ya kitu na kumtaka atafute kitendo chake: sindano, anashona. Mwanga ukaonekana vizuri zaidi. Picha za kutaja majina chumbani pia zilibadilishwa, kwa sababu seti tuliyokuwa nayo ilikuwa na sanamu ya theluji na kitu ambacho hata mimi sikukitambua. Muuguzi alichora ungo, kinu, kufuli na mkasi.

Upasuaji ulichukua saa nyingi. Umeme mdogo ulipogusa ukingo wa chini, alisema "ki... ki..." na kinu hakikutoka. Bingwa akaweka alama hapo na hakupita. Ukingo wa nyuma aliuacha kidole kilipoanza kucheza. MRI ya ndani ya saa 48 ilionyesha sehemu kubwa imeondoka, umebaki ukanda wa milimita 9 upande wa nyuma.

Siku ya pili maneno yalikuwa yanakwama na mkono ulikuwa mzito. Kufikia wiki ya sita vyote vilikuwa vimerudi, isipokuwa kwamba akichoka hutafuta majina.

## Majibu ya maabara

Daktari wa patholojia alinipigia simu mwenyewe. "Dokta, njoo uone mayai yako ya kukaanga." Chini ya darubini seli zilikuwa na kiini cha mviringo katikati na weupe mtupu kukizunguka, kama yai lililopasuliwa kwenye kikaango. Kati yao kulipita mishipa midogo sana ya damu iliyokatana kwa pembe, na hiyo wanaifananisha na waya wa banda la kuku. Seli zilizokuwa zikigawanyika zilikuwa za kutafuta. Pembeni palijaa chembe za zambarau iliyokolea: kalsiamu.

Kipimo cha IDH, jeni linalobadilika kwenye baadhi ya glioma, kilikuwa chanya, na ATRX, protini ambayo aina nyingine ya glioma, astrositoma, mara nyingi huipoteza, haikupotea. Sampuli ilipelekwa nje ya nchi kutazama kromosomu, na wiki kadhaa baadaye jibu likaja: vipande vya 1p na 19q vimepotea vyote viwili. Kwa mpangilio wa Shirika la Afya Duniani wa 2021, IDH iliyobadilika pamoja na upotevu huo ndiyo sharti la kuuita uvimbe oligodendroglioma, na aina hii ina daraja mbili tu, 2 au 3. Wake ulikuwa daraja la 2.

Tulikaa na mumewe kumweleza. Hakufurahi kama nilivyotarajia. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kitu kimoja: "Sasa kiwanja, daktari?"

## Uchambuzi

Kipimo cha damu hakikudanganya. Kilipima mishipa, nayo ilikuwapo, tele. Tatizo ni kwamba niliigeuza mishipa kuwa daraja. Katika uvimbe wa aina ya astrositoma uhusiano huo una mantiki: seli zikizidi na hewa ikipungua, uvimbe huita mishipa mipya, na wingi wa damu hupanda pamoja na ukali. Oligodendroglioma huja na mishipa yake tangu ikiwa pole. Ule waya wa banda la kuku ni umbile lake la kuzaliwa. Kwa hiyo uwiano mkubwa wa damu kwenye oligodendroglioma ya daraja la 2 ni jambo la kawaida, limo vitabuni, na nilikuwa nimeshalijibu kwenye mtihani.

Kuna na suala la kizingiti. Namba 1.75, inayotajwa sana kama mpaka kati ya daraja la chini na la juu, inatokana na utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003, wa wagonjwa 160. Kwa mpaka huo, kipimo kiliwanasa asilimia 95 ya wenye daraja la juu. Watu wengi huishia hapo kusoma. Kwa wenye daraja la chini kilikuwa sahihi kwa asilimia 57.5 tu, yaani katika kila wagonjwa 100 wenye uvimbe mpole, 42 au 43 wangeitwa wakali. Ni chujio lenye matundu madogo: halipitishi samaki mkubwa, lakini dagaa nao wanabaki humo. Chini ya 1.75 unaweza kutulia kwa kiasi fulani. Juu yake ndiyo kwanza maswali yanaanza. Na kundi lile la 2003 lilipangwa kwa darubini peke yake, kabla IDH haijajulikana kabisa kwenye glioma.

Kiduara changu nacho kilikuwa na kasoro. Oligodendroglioma hupenda gamba la ubongo, na gamba, hata likiwa zima, lina damu karibu mara mbili ya ubongo mweupe. Niliporudi kupima nikikwepa gamba na mshipa mkubwa uliopita juu yake, 3.4 ikashuka hadi 2.6. Bado ni juu, ila mtu anayeiona 2.6 hupunguza sauti kidogo.

Kosa linaloniuma zaidi ni la nukta nyeusi. Kwenye picha za aina ile, damu ya zamani na kalsiamu vyote huonekana vyeusi. Picha niliyoiruka ingezitenganisha. CT ingezitenganisha kwa sekunde moja, na CT ilikuwepo, mita nne kutoka kwenye kiti changu, chini ya kwapa la mtu. Baada ya majibu nilimwomba mumewe bahasha, nikaiinua filamu dirishani. Vipande vyeupe vilikuwa pale pale penye nukta zangu. Mtu wa umri ule, kifafa cha miaka kadhaa, uvimbe wa mbele unaogusa gamba, na chokaa: huhitaji mashine ya mabilioni kuutaja uvimbe huo kwa jina. Kalsiamu ile ile iliitwa tegu na hospitali ya kwanza, mimi nikaiita damu. Wenzangu wa kwanza nawatetea kwa moyo mmoja, kwani kosa lao lilikuwa na sababu nzuri kuliko langu.

Vipimo vingine vilisema kweli kwa sauti ya chini. Mwendo wa maji, kukosekana kwa mafuta, maji machache ya kuzunguka, na muda mrefu wa dalili vilielekeza upande mmoja. Nilivitaja vyote kwenye mwili wa ripoti, kisha kwenye hitimisho nikaandika kana kwamba havikuwepo. Ukiisoma leo unaona waandishi wawili. Tahadhari upande wa pili pia ipo: uvimbe usiong'aa kwa dawa unaweza kuwa wa daraja la 3 au hata la 4, kwa hiyo mtu asichukue kisa hiki akaanza kuwatuliza watu kwa sababu hakuna pete.

Je, ripoti ilibadilisha tiba kuu? Kwa bahati, hapana, kwa sababu bingwa mmoja aliamini historia kuliko namba. Hoja ya sindano na mionzi ingeshinda, mgonjwa angeanza mionzi mapema akiwa na sehemu kubwa ya uvimbe ndani, na mionzi kwa ubongo wa mtu atakayeishi miaka mingi huacha madhara ya kumbukumbu na umakini. Vipimo vya ziada vilivyotusaidia ni vile vilivyojibu swali la "wapi". Swali la "daraja gani" tulilijibu vibaya, na pengine lilikuwa swali lisilo sahihi kuuliza kwa namba moja.

Kuhusu hatua iliyofuata, kikao kiligawanyika kwa haki. Jaribio la Marekani kwa glioma za daraja la 2 zenye hatari zaidi, wakiwemo walio chini ya miaka 40 waliobakiwa na uvimbe, lilionyesha kwamba kuongeza dawa tatu za saratani juu ya mionzi kulipandisha wastani wa kuishi kutoka miaka 7.8 hadi 13.3. Yeye aliingia kwenye kundi hilo kwa sababu ya ule ukanda wa milimita 9. Lakini mbili kati ya dawa hizo zilikuwa shida kupatikana, kifafa kilikuwa kimetulia, naye alitaka kurudi kazini kwanza. Tukakubaliana kusubiri, na MRI baada ya miezi 3, kisha kila miezi 6. Wapo wenzangu wanaoona tulipaswa kuanza tiba mara moja, na siwezi kusema wamekosea.

Kiutendaji tulibadilisha mambo machache. Msajili sasa anaomba filamu za zamani kabla ya risiti. Picha ya kalsiamu hairukwi, hata benchi likijaa. Na ripoti zangu haziandiki tena daraja kama neno moja: zinaandika aina inayodhaniwa, kisha kipimo gani kinaunga mkono na kipi kinapinga. Madaktari wa wodi wanalalamika kwamba zimekuwa ndefu.

## Miezi 18 baadaye

Mashine yetu ilipoharibika alifanyiwa MRI kwenye kituo kingine. Ripoti ikasema sehemu iliyobaki ina uwiano wa damu wa 2.9, "inaashiria uvimbe kupanda kuwa daraja la juu". Alikuja nayo mwenyewe, bila mumewe, akiwa na bahasha mpya ya plastiki yenye zipu aliyoishona kwa mkono wake. Filamu zilikuwa zimepangwa kwa tarehe, CT ya kwanza juu kabisa.

"Hii muianze," alisema, akaisukuma mezani.

Tulilinganisha ukanda ule na picha za baada ya upasuaji, kipimo kwa kipimo. Milimita 9, bila ongezeko, na damu ile ile. Nikampigia mwandishi wa ripoti, kijana mwenye adabu, nikamweleza kuhusu waya wa banda la kuku. Aliniuliza nimejuaje. Nikamwambia nitamtumia ripoti yangu ya kwanza.